Nyama ya kulungu: uliza kama imepimwa kabla ya kuwapikia watoto

Mzazi unayetusoma ukiwa Colorado au Wyoming, Marekani, msimu wa kuwinda si ajabu jirani akakugawia nyama ya kulungu. Kabla hujaibandika jikoni, muulize: mnyama alipimwa?

Kulungu wa huko, mwenye masikio marefu kama ya punda, hupata ugonjwa wa kudhoofika uliogunduliwa Colorado mwaka 1967. Unasababishwa na prioni, yaani protini iliyopotoka umbo, inayoharibu ubongo polepole. Mnyama hukonda, hutokwa na mate na kupepesuka. Hakuna tiba wala chanjo.

Usimwamini kwa macho. Anaweza kukaa na ugonjwa zaidi ya mwaka akionekana mzima, huku mate, mkojo na kinyesi chake vikichafua udongo kwa miaka. Tena ni wasafiri: Wyoming, baadhi huhama kilomita zipatazo 240 kutoka Red Desert hadi Hoback, watoto wakijifunza njia kwa kuwafuata mama zao.

Mpaka sasa hakuna binadamu aliyethibitika kuupata. Hata hivyo, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinashauri mnyama aliyewindwa kwenye maeneo yenye ugonjwa apimwe, na akikutwa nao asiliwe. Kuchemsha sana hakusaidii, kwani moto wa jikoni hauui prioni.

Jirani akijibu "sijui", mshukuru kwa ukarimu wake, lakini nyama hiyo usiipike.