Shule Iliyoadhibiwa Ina Haki ya Kusikilizwa: Hatua za Kukata Rufaa

Baada ya mkasa wa moto uliosababisha vifo vya wanafunzi 21 katika Kaunti ya Nyeri mnamo Septemba 2024, Wizara ya Elimu ya Kenya iliagiza kufungwa kwa mabweni katika shule 348 za msingi ambazo hazikutimiza viwango vya usalama. Amri za aina hiyo hulinda maisha ya watoto. Hata hivyo, sheria inaipa shule inayoathirika nafasi ya kujitetea.

Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu na mamlaka za utawala, na kupewa sababu za uamuzi kwa maandishi pale haki zake zinapoathiriwa. Sheria ya Haki katika Utendaji wa Kiutawala ya mwaka 2015 inafafanua haki hiyo. Shule inastahili kupewa notisi ya mapema, kuelezwa hoja na ushahidi dhidi yake, kusikilizwa, kuwahoji mashahidi na kuwakilishwa na wakili inapostahili.

Hatua ya kwanza kwa shule ni kuomba sababu na nyaraka zilizotumika. Mamlaka husika ina miezi 3 ya kujibu kwa maandishi. Isipojibu, uamuzi wake huchukuliwa mbele ya mahakama kuwa haukuwa na sababu njema, hadi ithibitishwe vinginevyo.

Uamuzi ukiwa umetolewa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaelekeza rufaa kwa Jopo la Rufaa za Elimu. Huko, ushahidi ndio nguzo: ripoti za ukaguzi, picha za milango ya dharura iliyorekebishwa, na vyeti vya afya na zimamoto vina uzito kuliko malalamiko.

Mahakama Kuu huja mwisho. Kwa kawaida haipokei shauri kabla ya njia za rufaa za ndani kukamilika, isipokuwa kuwe na sababu za kipekee, na inaweza kutoa nafuu ya muda.

Wasimamizi wa shule wanakumbushwa kwamba kuwasilisha rufaa pekee si kibali cha kuwarejesha wanafunzi mabwenini. Wazazi nao wana haki ya kuuliza rufaa imefikia wapi, na watoto wao watasomea wapi wakati huo.