Maneno ya Kiingereza mu simu yako: unabonyeza nini pale?

Simu nyingi zenye kuuzwa kwetu Tanganyika zinafika na luga yao. Vitu vya biashara vinavuka ziwa kutoka Kigoma, vinashukia Kalemie, kisha vinapanda mpaka huku Nyunzu. Sisi ku masomo tulifunzwa Kifaransa, nyumbani tunasema Kiswahili, Kiluba ao Kikalanga. Sasa kioo cha simu kinatuuliza kwa Kiingereza: Allow? Na mtu anabonyeza tu, maana anaona asipobonyeza WhatsApp haitaendelea.

Allow maana yake ruhusu. Programu inaomba kuingia fasi moja-moja ya simu: picha zako, maikro, orodha ya namba, mahali uliko. WhatsApp ikiomba picha, inaeleweka, utatuma picha. Lakini programu ya tochi ikiomba namba zote za jamaa yako, inazitafutia nini? Hapo ubonyeze Don't allow ao Deny, ni kusema nakataa. Tochi itawaka vilevile.

Neno lenye kuogopesha kuliko yote ni code, ile tunaita kode. Ukifungua WhatsApp ku simu mpya, wanakutumia namba 6 kwa SMS. Hiyo verification code inahakikisha kama namba ya simu ni yako kweli. Mwizi anaandika namba yako ku simu yake, SMS inafika kwako, halafu anakuandikia kwa upole, mara nyingi na jina na picha ya mtu unamjua: «Samahani ndugu, nilituma kode yangu kwako kwa makosa, nirudishie.» Ukimpa, WhatsApp yako inahamia kwake. Kesho yake kaka yako wa Lubumbashi anasoma kama uko mu hospitali na unaomba 50.000 ku M-Pesa. Anatuma, juu anaona ni wewe. Kode haiombwi na rafiki, wala na mfanyakazi wa kampuni ya simu. Na kuna kufuli ya pili: ndani ya Settings, kisha Account, utafute Two-step verification. Pale unaweka namba 6 za kwako mwenyewe, zenye mwizi hatazipata mu SMS.

Wengi wetu tulifunguliwa Facebook na kijana mwenye kuchaji ao kutengeneza simu. Ni yeye alichagua password, ni kusema mot de passe, na mpaka leo anaijua. Sisemi vijana hao ni wabaya, wametusaidia sana. Lakini mlango wa nyumba yako, utaacha ufunguo kwa fundi aliyeujenga? Utafute Change password, uweke yako.

Angalia pia Linked devices mu WhatsApp. Ni orodha ya mashine zingine zenye kusoma ujumbe wako. Simu isiyo na kifungo, ukiiacha ku chaji, mtu anaweza kuiunganisha na ordinateri yake kwa dakika moja tu. Ukikuta pale mashine usiyoijua, bonyeza juu yake, kisha Log out: itoke.

Privacy yenyewe tunaitafsiri namna gani? Watu wa pwani wanasema faragha. Huku kwetu mama atasema tu «mambo ya nyumba yangu», na anaeleweka. Ukifungua Privacy, utaona Everyone: kila mtu. My contacts: wale uko na namba zao. Nobody: hakuna mtu. Ukiacha picha yako ku Everyone, yeyote mwenye namba yako anaiona. Ku Facebook neno ni Public, na kando yake kuna kapicha ka dunia. Hako kapicha hakadanganye.

Sasa Forwarded many times, na mishale miwili. Ujumbe wa namna hiyo umepita kwa watu watano ao zaidi kabla ya kufika kwako. Tangu Aprili 2020 WhatsApp inakatalia mtu kuupitisha kwa zaidi ya mazungumzo moja kwa mara moja, juu ulikuwa unakimbia kama moto wa majani makavu. Hapa Nyunzu, penye watu wamekwisha kukimbia vijiji vyao kwa vita, sauti moja yenye kusema «wanakuja usiku huu» inatosha kuamsha familia nzima na watoto mgongoni. Mishale miwili haisemi kama ni uongo. Inasema tu: huyu aliyekutumia si yeye aliyeona. Umuulize ameipata wapi.

Na ukishatuma kitu cha makosa, kuna Delete mbili, watu wanazichanganya kila siku. Delete for everyone inakifuta kwa wote, kama hujakawia sana. Delete for me inakifuta kwako peke yako. Wengine wanabaki nacho, na wewe hutaweza tena kukifuta kwao. Mtu akikusumbua, Block inamfungia, Report inamshitaki kwa WhatsApp, na hataambiwa kama ni wewe.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 31, inalinda siri ya mawasiliano ya kila mtu. Na tangu tarehe 13 Machi 2023 kuna Code du numérique, yenye kulinda habari za mtu binafsi. Lakini sheria hiyohiyo inaweka kifungo ao amande kwa mwenye kupitisha habari ya uongo juu ya mtu, hata kama si yeye aliyeitunga.

Kama Kiingereza kinakuchokesha, mu Settings utafute Language, uchague Français ao Kiswahili. Kiswahili hicho ni cha Dar es Salaam, utakuta Settings imekuwa Mipangilio. Ukipotea ndani, alama ya gurudumu lenye meno haibadilike mu luga yoyote.