Mwanagenzi wa Galbet na Hitilafu za Tingatinga

Katika Galbet, kata ya mji wa Garissa ambako joto aghalabu hupita nyuzi 35 na vumbi ni la kila siku, tingatinga liinualo mkono wake kwa nguvu za mafuta yaliyobanwa hudhurika upesi, kwa kuwa mafuta hupata wepesi kwa hari, yakavuja ndani kwa ndani, na mchanga ukakwaruza sili na pampu.

Mwanagenzi atakaye ustadi, kabla hajashika spana, na amsikilize dereva, kisha ayatazame mafuta tangini, kwani yenye povu hushuhudia hewa inayofyonzwa, na yaliyogeuka rangi ya maziwa yameingiwa na maji. Iwapo viungo vyote vya tingatinga vimelegea kwa kupungukiwa nguvu, shaka huelekea kwenye chujio, pampu au vali kuu ya presha. Kikilegea kimoja tu, huchunguzwa silinda na vali yake, na geji ndiyo ikatayo shauri, wala si dhana.

Nami nasisitiza kwa moyo wote: mvujo usipapaswe kamwe kwa mkono, bali utafutwe kwa kipande cha kadibodi, maana mafuta yenye presha hupenya ngozi, na aliyepatwa apelekwe hospitali saa ile ile, hata jeraha likiwa dogo mfano wa tundu la sindano.