Chombo cha Nyotani na Funzo la Butembo

Nyota iliyo jirani zaidi na Jua, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka 4.24 ya nuru, yaani takriban kilomita trilioni 40. Voyager 1, iliyorushwa mwaka 1977, hukimbia kilomita 17 kwa sekunde. Umbali huo ungeichukua zaidi ya miaka 70,000. Anayetaka kufika kabla hajazeeka lazima apate kama asilimia 10 ya kasi ya nuru, na hapo hesabu inakuwa chungu. Kuipa kilo moja tu mwendo huo, hata kama hakuna nishati inayopotea njiani, kunadai umeme wote wa mabwawa ya Inga 1 na Inga 2 kwenye Mto Kongo, megawati 1,775, kwa karibu siku tatu mfululizo. Chombo cha tani 10,000 kingeudai kwa miaka 80,000, na breki bado hatujazigusa.

Ndiyo maana wengi hurudia wazo la chombo cha vizazi: mji uliofungwa, unaosafiri polepole karne baada ya karne, watu wakizaliwa na kufa humo. Wahandisi hubishana juu ya injini, mionzi na hewa. Mimi naona kigumu zaidi ni kuaminiana, na ushahidi uko Beni na Butembo, miji ya mashariki mwa Kongo. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina, iliikuta sayansi imejiandaa kuliko wakati wowote uliotangulia. Chanjo ilikuwapo, na zaidi ya watu 300,000 waliipata. Utafiti wa Pamoja Tulinde Maisha, ulioanza Beni Novemba 2018, ulibaini ndani ya miezi tisa dawa mbili zinazookoa maisha. Moja, mAb114, asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Hata hivyo mlipuko ulidumu karibu miaka miwili na kuua watu 2,287. Desemba 2018 CENI, tume ya uchaguzi, iliahirisha uchaguzi Beni na Butembo hadi Machi, ikitaja Ebola na usalama, ilhali rais mpya angeapishwa Januari. Kesho yake waandamanaji wakavamia kituo cha wagonjwa Beni. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vikachomwa moto. Aprili, Richard Mouzoko, daktari Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani (OMS), akauawa Butembo. Tusikimbilie kuuita ujinga. Watu walioshuhudia mauaji ya Beni tangu 2014 bila msaada wa maana walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini magari ya Riposte, yaani kampeni ya kupambana na Ebola, yamefurika ghafla kwa ajili ya ugonjwa mmoja.

Patakuwa na mtu wa kusema mfano huu hauchukuani: Beni kuna vita, na wasafiri wa nyotani watachaguliwa kwa makini. Watachaguliwa wa kwanza tu. Wajukuu wao watajikuta humo bila kuulizwa, wakirithi maamuzi na chuki za waliotangulia. Na hata waliochaguliwa hawana dhamana: katika Biosphere 2 huko Arizona, kati ya 1991 na 1993, watu wanane waliojitolea waligawanyika kambi mbili huku oksijeni ikishuka kutoka asilimia 21 hadi chini ya 15, ikabidi iongezwe kutoka nje. Nje ya chombo cha nyotani hakuna wa kuongeza. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la wanaotaka tutume mashine. Breakthrough Starshot, mwaka 2016, ilipendekeza vyombo vya gramu chache kwa asilimia 20 ya kasi ya nuru. Nakubali ndivyo tutakavyoanza. Ila hapo binadamu amebaki nyumbani.

Sidai kwamba kuaminiana hakuwezi kujengwa. Beni yenyewe ilitumia CUBE, chumba cha shirika la tiba la ALIMA chenye kuta angavu, ambamo familia ilimwona mgonjwa wake na kuona anachofanyiwa. Uvumi juu ya kinachotendeka ndani ulipungukiwa na pa kujificha. Michoro ya chombo cha vizazi hutuonyesha mashamba, matangi na injini. Ningependa ituonyeshe pia maabara ambamo mtu wa kizazi cha tano, asiyeiamini chanjo ya wakubwa wake, anaruhusiwa kuingia na kuipima mwenyewe.