Mkebe Uko Nje ya Geti

Kabla ya Mei 2000, kifaa cha GPS cha raia kingeweza kukupoteza kwa mita mia hivi, na kilifanya hivyo kwa amri: jeshi la Marekani lilikuwa likivuruga makusudi ishara za satelaiti zake. Rais Bill Clinton alipoamuru vurugu hiyo ikome, hazikupita siku mbili kabla Dave Ulmer, mkazi wa Oregon, hajaficha ndoo porini karibu na Beavercreek na kutangaza kwenye intaneti ilipo, kwa nyuzi na dakika. Humo alitia vitabu, manati, pesa kidogo na mkebe wa maharagwe. Masharti yalikuwa mepesi: ukichukua kitu acha kitu, kisha andika jina daftarini. Ndivyo jiokeshingi ilivyoanza.

Makanisa nayo yaliingia mchezoni. Uingereza kuna mfululizo uitwao Church Micro, maelfu ya vikopo vidogo vilivyofichwa karibu na makanisa. Si ajabu. Kanisa halihami, na limejaa tarehe: kwenye jiwe la msingi, kwenye kengele, makaburini. Mtungaji anakupa fumbo, unasoma tarakimu ukutani, unazipachika kwenye nafasi alizoacha wazi katika nyuzi na dakika, na simu inakuelekeza kwenye mkebe. Ukikosea kwa moja katika desimali ya tatu ya dakika, umekosa kwa chini ya mita mbili. Ukikosea katika desimali ya kwanza, uko mita 185 kando, pengine uani kwa mtu mwenye mbwa wakali.

Kwa Nairobi, mimi ningetunga fumbo langu kuhusu parokia ya St. Austin's, Msongari, kule Lavington. Mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni hiyo 1899, mwaka uleule reli ilipofika Nairobi. Hawakuwa wageni Afrika Mashariki: shirika lao lilikuwa Zanzibar tangu 1863 na Bagamoyo tangu 1868. Walikuja na kahawa pia. Misheni ya Bura, Taita, ilikuwa imeipanda 1893, na St. Austin's ikawa miongoni mwa mashamba ya mwanzo kabisa karibu na Nairobi. Hadi leo wataalamu wa kahawa wanaitaja aina iitwayo French Mission, na wengi wanaoinywa hawajui kwamba misheni yenyewe bado ina Misa kila Jumapili. Palipokuwa na mibuni sasa pana maghorofa na shule. Masista wa Loreto walifika 1921, na shule ya St. Mary's ikafunguliwa 1939.

Lakini utamu wa fumbo uko makaburini. Kardinali Maurice Otunga, mwana wa chifu wa Bungoma, aliongoza Jimbo Kuu la Nairobi kuanzia 1971 hadi 1997, na mwaka 1973 akawa Mkenya wa kwanza kuvishwa kofia nyekundu ya ukardinali. Alipofariki Septemba 2003 hakulazwa mahali pa fahari. Alizikwa hapa Msongari, katikati ya wamisionari. Baadaye mwili wake ulihamishiwa Resurrection Garden, Karen, na Kanisa likaanzisha mchakato wa kumtangaza mtakatifu. Msakaji anayetegemea magazeti ya 2003 ataganda Lavington akitafuta jiwe lisilo na mtu chini yake. Huo ndio mtego ningemwekea, na simwombi radhi.

Mkebe wenyewe nisingeuweka ndani ya ua. Jijini hapa, mtu anayeinama kwenye ua wa kanisa na kusukumia kijisanduku chini ya michongoma hamchekeshi askari wa geti. Makanisa ya Garissa yalishambuliwa Julai 2012, jengo la maduka la Westgate hapa Nairobi mwaka uliofuata, na tangu hapo mikoba inapekuliwa hata kwenye Misa ya alfajiri. Nimesikia wapenzi wa mchezo wakinung'unika kwamba usiri ndio raha yake. Wakanung'unikie kwingine. Mtungaji aende ofisi ya parokia, amweleze paroko, askari wa zamu ajulishwe, na mkebe ukae nje ya geti kwa mtu aliyekubali kuwa nao. Makaburi nayo yasomwe tu, yasiguswe.

Kubisha hodi ofisini kuna faida nyingine. Katibu wa parokia ndiye anayetunza kitabu cha ubatizo, na kitabu hicho kinajua mengi kuliko ukuta. Kila mstari una namba, tarehe, jina la mtoto, wazazi na msimamizi. Pembeni, kwa wino wa mkono mwingine na pengine baada ya miaka ishirini, huongezwa kipaimara na ndoa, kwa sababu sheria ya Kanisa inataka vyote virudi kuandikwa pale alipobatizwa mtu. Aliyebatizwa Nairobi akaolewa Kisumu anaandikwa Nairobi. Huwezi kukifunua kwa ajili ya mchezo, maana ni siri za watu, ila katibu mwenye moyo anaweza kukwambia ni mwaka gani majina ya Kifaransa ya wasimamizi yalianza kupungua na ya Kikuyu yakaongezeka.

Tarakimu za mwaka huo ndizo ningezipa nafasi ya mwisho katika fumbo. Hazipo ukutani wala kwenye intaneti. Anayezitaka afike Jumatatu hadi Ijumaa, saa za kazi, ila asije saa saba mchana, katibu akiwa amekwenda kula.