Je, Wajua? Kinachomrudisha Mteja Dukani

Je, wajua kwamba mfalme wa Karagwe aliwahi kuvuta wateja kwa kutowatoza ushuru? Katika karne ya 19, misafara ya pwani ilidaiwa hongo, yaani ushuru wa njia, na karibu kila mtemi iliyompitia: vitambaa, shanga, nyaya za shaba. Wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walipoingia Karagwe Novemba 1861, wakiwa wametoka kukamuliwa vibaya nchi jirani ya Usui, waliambiwa kwamba kwa mfalme huyo, Rumanyika, mgeni hatozwi na chakula kiko juu ya mfalme. Grant, aliyekuwa na mguu mbovu, aliuguzwa hapo miezi kadhaa. Msafiri mwingine, Stanley, alipopita mwaka 1876, aliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamejenga makazi yao Kafuro, jirani na ikulu ya Bweranyange, mmoja wao Hamed Ibrahim, mwenyeji wa miaka mingi. Msidhani Rumanyika alikuwa anatoa sadaka. Zawadi alizitarajia na alizipata, tena kutoka kwa watu waliofika kwa hiari yao.

Je, wajua kwamba Kagera mgeni alipewa kahawa ya kutafuna kabla hata hajasema shida yake? Buni huchemshwa na majani ya harufu nzuri, hukaushwa, kisha hutolewa kiganjani. Mwenye duka wa Igurwa, Karagwe, anayekuuliza habari za mgonjwa wako kabla ya kuuliza unataka nini ameifuata njia hiyohiyo, na haimgharimu hata punje.

Je, wajua kwamba nyongeza ina historia ndefu? Tazama mama anavyopima maharage sokoni: anajaza sado mpaka juu, anasawazisha kwa kiganja, anamimina mfukoni mwako, halafu mkono unarudi kwenye gunia na kukutupia konzi moja zaidi. Konzi hiyo ndiyo utakayoisimulia nyumbani. Uingereza, sheria ya mwaka 1266 ilitisha waokaji mikate kwa adhabu ya kupunja, na inasemekana ndiyo iliyowafanya wengine wauze mikate 13 kwa bei ya 12 ili wawe salama. New Orleans nako, Mark Twain alikuta wanunuzi wakidai kitu kidogo cha juu kama haki yao, akaandika habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1883.

Je, wajua kwamba pipi moja hujenga na pipi hiyohiyo hubomoa? Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2002 jaribio la mgahawani. Wateja wasiopewa kitu waliacha bakshishi ya karibu 19% ya bili. Mhudumu alipogawa chokoleti moja moja, akaanza kuondoka, kisha akageuka na kuongeza nyingine kana kwamba amewapenda ghafla, bakshishi ilifika karibu 23%. Sasa linganisha na muuza duka anayekosa chenji ya shilingi 100 na kukusukumia pipi mbili. Hiyo si zawadi, ni deni lililolipwa kwa bidhaa usiyoiomba, na mteja analikumbuka kwa wiki nzima.

Je, wajua kwamba mzani wa biashara hutakiwa kuhakikiwa kila mwaka na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002? Stika ya uhakiki ikiwa mpya, igeuze iwaelekee wateja. Wakulima wa kahawa wamepunjwa vya kutosha.

Je, wajua tofauti ya mteja mwaminifu na mteja aliyefungwa kamba? Karagwe na Kyerwa wanaijua butura: mkulima amebanwa na ada ya shule au ugonjwa, anauza kahawa ingali maua mtini kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, mnunuzi anaona mzigo unaletwa kwake kila mwaka na kujisifu kuwa ana watu wake. Hana. Ana wadeni, na siku watakapopata senti mahali pengine hatawaona tena.

Je, wajua kwamba daftari la madeni huweza kufukuza wateja? Mtu akidaiwa 3,000 na duka la jirani, mara nyingi akishika fedha taslimu hupita njia ya nyuma na kununua sukari kwa mwingine. Aliyekopesha amepoteza mara mbili. Wenye busara huweka kikomo kidogo na kumwita mdeni kwa utani, si kwa kelele.

Je, wajua kwamba M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, ilizaa shindano jipya vijijini, la floti, yaani akiba ya wakala ya kuhudumia miamala? Wakala mchangamfu asiye na floti huchekewa tu. Watu huenda kwa yule aliyenuna ila hakosi.

Je, wajua kwamba safari iliyokwisha kuanzwa humvuta mtu zaidi? Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2006 liligawa kadi 300 kwenye sehemu ya kuosha magari. Nusu zilihitaji mihuri 8 ili mtu aoshewe bure; nusu nyingine zilihitaji 10, lakini 2 ilikuwa imeshapigwa. Kazi ni ileile, safari 8. Kadi za kwanza zilikamilishwa na 19% ya wateja, za pili na 34%. Mama lishe anaweza kufanya hivyo kwa chai na chapati, kwa gharama ya vipande vya karatasi na muhuri. Ila muhuri asiuchonge kwa kiazi. Vijana wetu nao wana visu.