Aspirini ya Moyo, Damu ya Tumbo

Kwenye maduka ya dawa wengi huiita junior aspirin: kidonge cha miligramu 75, bei yake ndogo, hakiulizwi cheti. Wapo wanaokimeza kila siku kwa agizo la daktari baada ya kiharusi au mshtuko wa moyo. Wapo pia walioambiwa na jirani kwamba "kinalainisha damu", wakaanza wenyewe.

Udogo wake unadanganya. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kuwa aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, ugunduzi uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Prostaglandini ndizo zinazosaidia tumbo kutoa ute unaolikinga na asidi yake lenyewe. Papo hapo dawa hiyo hudhoofisha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, kwa maisha yao yote ya siku 7 hadi 10. Kidonda kikitokea, basi, kinavuja na hakizibi upesi. Na kwa kuwa madhara hayo hupitia pia kwenye damu, kumeza baada ya kula, au kuchagua kidonge chenye ganda linaloyeyukia utumboni, hakuondoi hatari.

Nani hasa aogope? Mwenye umri mkubwa, aliyewahi kuugua vidonda vya tumbo, anayechanganya aspirini na diklofenaki, ibuprofeni, prednisoloni au warfarini. Katika utafiti wa ASPREE, uliochapishwa mwaka 2018, wazee 19,114 wa Australia na Marekani wasio na ugonjwa wa moyo walifuatiliwa: waliovuja damu nyingi walikuwa asilimia 3.8 kati ya waliomeza aspirini, na 2.8 kati ya wasiomeza. Faida ya maana kwa moyo haikuonekana. Mzee mzima wa afya hana sababu ya kujianzishia dawa hii.

Aliyeandikiwa ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo makosa huua. Huko Hong Kong, wagonjwa walioandikiwa aspirini, kisha wakatibiwa vidonda vilivyovuja, waligawanywa, wengine wakaendelea na aspirini, wengine wakasimamishwa. Ndani ya wiki 8 walikufa asilimia 1.3 ya walioendelea na 12.9 ya waliosimamishwa. Moyo ulikuwa bado unaihitaji.

Kinga ipo. Omeprazoli na ndugu zake hupunguza asidi na kukipa kidonda nafasi ya kupona. Anayetumia klopidogreli amwambie daktari, kwani omeprazoli huidhoofisha dawa hiyo. Bakteria Helicobacter pylori, ambao nao husababisha vidonda vya tumbo na wameenea mno Afrika, hupimwa kwa choo au pumzi na kutibiwa kwa antibiotiki. Nchini Uingereza, utafiti uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kuwaua bakteria hao kulipunguza vidonda vinavyovuja kwa watumiaji wa aspirini, ingawa kinga hiyo ilififia baada ya miaka miwili na nusu.

Choo kikiwa cheusi kama lami, au ukitapika damu, usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali, na uwaambie kwamba unameza aspirini.